Kibofu Kisichosukuma: Namna ya Kuzitumia Dawa na Kujua Kama Zinafanya Kazi

Wagonjwa wengi wenye kibofu dhaifu hufika kwa daktari wakilalamikia kinyume cha ugonjwa wao: husema kwamba wanakojoa sana. Huamka mara tano au sita usiku, hukimbilia chooni, na kinachotoka hakizidi kikombe kimoja cha kahawa ya barazani. Anayeyasikia maelezo hayo kwa haraka hudhani kwamba kibofu kina papara na kinahitaji kutulizwa, ilhali ni mtungi uliojaa pomoni, na kile kikombe kimoja ni maji yanayofurika mdomoni. Dawa ya kutuliza kibofu chenye papara, akipewa mtu wa namna hii, huweza kumfunga mkojo kabisa. Ndiyo maana mwongozo huu, ingawa unahusu dawa, hauanzi na kidonge bali unaanza na kopo la kupimia.

Kibofu ni mfuko wa msuli ambao, kwa mtu mzima, hubeba kiasi cha mililita 400 hadi 500. Mtu anapokojoa, mambo mawili hutendeka kwa pamoja: msuli wa kibofu, ambao madaktari huuita detrusa, hujikaza, na mlango wa chini hulegea. Jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa matatizo ya kuzuia mkojo iliueleza udhaifu huu mwaka 2002 kuwa ni mkazo wenye nguvu ndogo au wa muda mfupi, kiasi kwamba kukojoa huchukua muda mrefu au kibofu hakimalizi mkojo wake katika muda wa kawaida. Mgonjwa husubiri sana kabla mkojo haujaanza, hulazimika kujikamua, mkondo wake huwa mwembamba na wa kukatikakatika, na akitoka chooni bado huhisi kwamba kazi haijesha. Wengine hupoteza hata ile hamu ya kukojoa, wakawa hawajui kwamba kibofu kimejaa mpaka nguo ilowe.

Sababu kubwa ni kisukari cha miaka mingi, ambacho huharibu mishipa ya fahamu ya kibofu taratibu kama kinavyoharibu ile ya miguu. Nyingine ni uzee wenyewe, tezi dume iliyoziba njia kwa muda mrefu hata msuli ukachoka, kiharusi, maradhi na majeraha ya uti wa mgongo, upasuaji wa sehemu za chini za tumbo, na, kwa wanawake, kibofu kilichoachwa kikajaa kupita kiasi wakati wa uchungu wa uzazi au baada yake.

Niseme mapema jambo ambalo watu hawapendi kuambiwa. Hakuna kidonge kinachoaminika kwamba kitauamsha msuli wa kibofu uliolegea kama vile dawa ya presha inavyoshusha presha. Dawa zina nafasi yake, lakini faida yake kubwa hupatikana katika kuziacha zile zinazodhuru na katika kuufungua mlango wa kibofu. Kuutia nguvu msuli ni jambo la mwisho, na huwafaa wachache.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kumeza chochote

Tafuta jagi la plastiki linalopitisha mwanga na chupa tupu ya maji ya nusu lita. Jaza chupa, mimina jagini, na utie alama kwa kalamu ya wino usiofutika. Hiyo ni mililita 500. Ukitaka alama ndogo zaidi, bomba la sindano la mililita 50 kutoka famasi litakutosha. Kwa siku tatu mfululizo kojolea humo, na kila mara andika katika daftari saa, kiasi kilichotoka, kama ulijikamua, kama kuna kilichovuja, na ulichokunywa. Andika na ya usiku, hata kama usingizi umekushika. Daftari la siku tatu lina maana kubwa kwa daktari kuliko kauli ya kwamba “mkojo unanisumbua”, kwa sababu linamwonesha kama mwili unatengeneza mkojo mwingi, kama ilivyo kwa mwenye sukari iliyopanda, au kama mkojo ni wa kawaida ila unatoka kwa vipande.

Kipimo cha pili ni cha hospitali, nacho ni mabaki: mkojo unaosalia kibofuni baada ya kukojoa. Hupimwa kwa ultrasaundi juu ya kinena bila maumivu yoyote, au kwa kupitisha mpira mwembamba katika njia ya mkojo. Hapa pana kosa linalofanyika sana na ambalo mgonjwa mwenyewe anaweza kulizuia. Huambiwa anywe maji mengi ili kibofu kionekane vizuri, hukaa kwenye foleni mpaka kibofu kikamuuma, kisha hukojoa kwa haraka katika choo ambacho watu wanabisha mlango, na hurudi kupanga foleni tena kwa muda wa nusu saa kabla ya kupigwa picha ya pili. Nambari inayoandikwa hapo si ya kuaminika, kwa kuwa kibofu kilichojaa kupita kiasi hukojoa vibaya, na katika ile nusu saa figo zimeendelea kuleta mkojo mpya. Omba upimwe ukiwa na hamu ya kawaida, ukojoe kwa utulivu, na upigwe picha ya pili ndani ya dakika chache. Kama nambari ni kubwa, omba ipimwe tena siku nyingine kabla ya kuijengea uamuzi.

Mabaki yaliyo chini ya mililita 100 kwa kawaida hayamtishi daktari. Chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani huhesabu kwamba mtu ana mkojo unaobaki kwa njia sugu pale mabaki yanapozidi mililita 300, yakaonekana zaidi ya mara moja na yakadumu kwa miezi sita au zaidi. Hata hivyo mabaki peke yake hayasemi kama pampu ni dhaifu au mlango umefungwa. Tofauti hiyo huoneshwa na kipimo cha presha ya kibofu wakati wa kukojoa, ambacho hakifanyiki katika kila hospitali na huenda kikahitaji rufaa. Kabla ya kukifikia, daktari huipima tezi dume kwa kidole, huangalia kwa ultrasaundi kama figo zimetanuka, na hupima kreatinini (kipimo cha damu kinachoonesha kazi ya figo), sukari na mkojo. Kwa watu wa Unguja na Pemba waliokulia karibu na mito na mabwawa, mkojo upimwe pia mayai ya kichocho, hasa ukiwa na damu. Prazikwanteli, kwa miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo ya kichocho, lakini haiondoi kovu ambalo minyoo imekwisha kuliacha katika ukuta wa kibofu, na mgonjwa aliyemeza dawa za skuli au za shehiya asidhani kwamba amekwisha kutibiwa kibofu.

Hatua ya pili: mwaga mfuko wako wa dawa mezani

Kila dawa iliyomo nyumbani itiwe katika mfuko mmoja na ipelekwe kwa daktari au mfamasia, zikiwamo za mafua, za usingizi, za mitishamba na zile za kuazimana. Hii ndiyo hatua yenye manufaa makubwa katika mwongozo wote, na haigharimu kitu.

Nakumbuka mzee mmoja wa Pemba, mwenye kisukari cha miaka mingi, aliyevuka kwa boti kutoka Mkoani kwenda Unguja wakati wa kusi. Aliposhuka bandari ya Malindi, Unguja, alikuwa na hamu ya kukojoa, akaenda, pasitoke kitu. Alijaribu tena alaasiri na magharibi. Usiku tumbo la chini lilikuwa limevimba na kuwa gumu kama dafu, akapelekwa hospitali, akawekewa mpira, na ukatoka zaidi ya lita moja ya mkojo. Nilimkuta asubuhi amekaa kitandani, uso umetulia.

“Shikamoo babu. Jana ulimeza dawa gani?”

“Marahaba mwanangu. Dawa mimi sikumeza. Nilimeza vile vya boti tu.”

Vile vya boti, vidonge viwili vya kuzuia kichefuchefu alivyopewa na abiria mwenziwe, machoni pake havikuwa dawa. Vilikuwa promethazini. Dawa hiyo, pamoja na nyingi za kuzuia kutapika safarini, huzuia asetilikolini, na asetilikolini ndiyo kemikali ambayo mishipa ya fahamu huitumia kuuamrisha msuli wa kibofu ujikaze. Mtu mwenye kibofu kizima huenda asihisi tofauti. Mwenye kibofu kinachosukuma kwa taabu huweza kufungwa.

Katika kundi hilo hilo wamo ndugu wengi tunaowafahamu. Klorofeniramini, ambayo watu huiita Piriton na kuinunua kwa mafua na kuwashwa, ni mmoja wao. Hyosini, maarufu kwa jina la Buscopan, huliwa kwa msokoto wa tumbo, na wakati mwingine hupewa mtu yule yule ambaye tumbo lake linauma kwa sababu kibofu kimejaa. Amitriptilini hupewa wenye kisukari kwa ajili ya miguu inayowaka moto usiku. Huutuliza mguu na kukidhoofisha kibofu, na wote wawili wameharibiwa na ugonjwa mmoja. Oksibutinini na tolterodini ni zile dawa za kibofu chenye papara nilizozigusia mwanzoni. Pseudoefedrini iliyomo katika baadhi ya dawa za pua huubana mlango wa kibofu. Tramadoli, kodeini na mofini huupunguzia msuli nguvu na tena hufunga choo kikubwa, na choo kigumu kilichojaa hukibana kibofu kwa nyuma. Mwenye kufunga choo atibiwe hilo kwanza, kwa matunda, maji na dawa ya kulainisha ikihitajika, kwa sababu wapo ambao mabaki yao hupungua kwa kupata choo tu.

Usiziache mwenyewe dawa za maradhi ya akili, kifafa, Parkinson (maradhi ya kutetemeka) au maumivu makali. Mwombe aliyekuandikia azibadilishe. Kuhusu dawa za kuongeza mkojo, kama furosemidi ya moyo na presha, mara nyingi inatosha kuhamisha dozi ya jioni kuwa ya asubuhi. Dapaglifozini na empaglifozini, ambazo ni dawa za kisukari, hutoa sukari kupitia mkojo na kuuongeza. Mwenye mabaki makubwa amtajie daktari kwamba anazitumia. Na madafu, ambayo huku kwetu husifiwa kwamba husafisha kibofu, yanywewe kama kinywaji. Kibofu ambacho hakiwezi kutoa nusu lita hakisafishwi kwa kuletewa lita nzima.

Hatua ya tatu: fungua mlango

Kama pampu ni dhaifu, inafaa mlango usiwe mzito. Hilo ndilo lengo la dawa za kuzuia alfa, ambazo hulegeza msuli laini wa shingo ya kibofu na wa tezi dume. Inayotumika sana ni tamsulosini, kidonge kimoja cha miligramu 0.4 kwa siku, kimezwe kizima bila kufunguliwa wala kutafunwa, kiasi cha nusu saa baada ya mlo ule ule kila siku. Alfuzosini ya miligramu 10 nayo humezwa baada ya chakula. Terazosini na doksazosini ni za zamani zaidi na hushusha presha zaidi, kwa hiyo huanza na miligramu 1 wakati wa kulala na huongezwa taratibu. Kwa matatizo ya mkojo, dawa hizi hutumika hasa kwa wanaume wenye tezi dume iliyokua. Kwa wanawake daktari huweza kuamua kuzijaribu, lakini ushahidi wake ni mdogo zaidi.

Siku za mwanzo, na kila dozi inapoongezwa, mtu anaweza kupata kizunguzungu akisimama ghafla. Anayeamka usiku kwenda chooni akae kwanza ukingoni mwa kitanda, ateremshe miguu, ahesabu mpaka thelathini, ndipo ainuke. Kwa Pemba nina la kuongeza: mchumaji wa karafuu asianze dawa hii katikati ya msimu na kesho yake akapanda mkarafuu. Jua, jasho na presha iliyoshuka havipatani na tawi la juu. Aanze siku ambazo yuko nyumbani, na akikosa dozi kwa siku kadhaa asirudi kwenye kiwango kikubwa kwa pupa bali amuulize daktari.

Mambo mengine mawili husahauliwa. La kwanza, anayesubiri kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho amwambie daktari wa macho kwamba anatumia au aliwahi kutumia tamsulosini, kwa kuwa huulegeza utando wa mboni na kuufanya upasuaji uwe mgumu. Daktari akijua mapema hujitayarisha. La pili, dawa za nguvu za kiume zinazouzwa kwa siri, ambazo nyingi zina sildenafili, zikichanganywa na dawa hizi huweza kuiangusha presha ghafla. Tamsulosini yenyewe huweza kufanya manii yapungue au yasionekane wakati wa tendo. Halidhuru, lakini mwanamume aliyekuwa hakuambiwa hushtuka na kuitupa dawa bila kumwambia mtu.

Tezi dume ikiwa kubwa, daktari huweza kuongeza finasteridi ya miligramu 5, ambayo huipunguza tezi polepole na hudai subira ya miezi sita. Mwanamke mjamzito asishike kidonge chake kilichovunjika.

Hatua ya nne: dawa ya kuusukuma msuli, kwa tahadhari

Bethanekoli ndiyo dawa inayotajwa zaidi katika fungu hili. Imefanana na asetilikolini, ila mwili hauivunji kwa haraka, na hivyo huendelea kuugongea msuli wa kibofu mlango. Nchini Marekani imeidhinishwa kwa mkojo uliofunga baada ya upasuaji au baada ya kujifungua pasipo kizuizi cha njia, na kwa kibofu kilicholegea kwa sababu ya mishipa ya fahamu. Mtu mzima hupewa miligramu 10 hadi 50, mara tatu au nne kwa siku, akianza na kiwango cha chini. Humezwa tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula, kwa sababu ikikutana na chakula huleta kichefuchefu na kutapika. Nguvu yake huanza kuonekana baada ya kiasi cha nusu saa, hufikia kilele kati ya dakika 60 na 90, na kwa dozi za kawaida hudumu kwa takriban saa moja. Maana yake ni kwamba mgonjwa asimeze tu akaendelea na shughuli. Apange kwenda chooni wakati dawa iko kileleni, akae kwa utulivu, na aandike kilichotoka.

Kabla ya kuimeza, hakikisha kwamba njia haijaziba. Kuusukuma msuli huku mlango umefungwa ni kuurudisha mkojo kwenye figo. Haipewi mwenye pumu, kwa kuwa huweza kuibana njia ya hewa, wala mwenye vidonda vya tumbo, mapigo ya moyo ya polepole, maradhi ya mishipa ya moyo, kifafa, Parkinson, au tezi ya shingo inayotoa homoni kupita kiasi. Madhara yake ya kawaida ni jasho, mate mengi, machozi, uso kuwaka, tumbo kusokota na kuhara. Pumzi ikibana, kifua kikilia, au mtu akizirai, aache dawa na apelekwe hospitali mara moja; huko wanayo atropini, ambayo huizima nguvu yake.

Sasa juu ya faida yake. Mapitio ya kitaalamu yaliyochapishwa mwaka 2007 yalikusanya majaribio 10 ya dawa za namna hii: matatu yalionesha nafuu ya wazi, sita hayakuonesha tofauti, na moja lilionesha kwamba wagonjwa walizidiwa. Sababu inaeleweka. Kukojoa kunataka mkazo mmoja mrefu unaokwenda sambamba na mlango kulegea, na dawa hii huuongezea msuli ukakamavu wa jumla tu; na msuli ambao umekwisha kugeuka kovu hausikii amri yoyote. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2004, wenye wagonjwa 119, uliona kwamba dawa ya kusukuma ikiunganishwa na dawa ya kufungua mlango kwa wiki nne huleta nafuu zaidi kuliko kila moja peke yake. Kwa maoni yangu hilo ndilo jaribio la haki ambalo mgonjwa anaweza kuomba: zote mbili kwa pamoja, kwa muda uliowekewa mwisho.

Japani hutumia pia distigmini, ambayo huzuia asetilikolini ya mwili isivunjwe. Hukaa mwilini kwa siku kadhaa, na baada ya wazee kupata sumu ya dawa yenyewe, dozi yake kwa kibofu ilipunguzwa mwaka 2010 ikawa isizidi miligramu 5 kwa siku. Ndugu aliye nje akikuletea dawa ya namna hii katika mzigo wa nguo, usiianze. Duka lolote utakalonunua dawa za kibofu liwe na kibali cha Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, na usitarajie kuikuta bethanekoli kila mahali. Duka likikwambia kwamba halina hiyo ila lina “nyingine inayofanana”, rudi na jina hilo kwa daktari kwanza.

Hatua ya tano: pima tena na uwe tayari kuacha

Baada ya wiki nne hadi sita rudia vipimo vile vile: daftari la siku tatu na ultrasaundi ya mabaki, katika hali ile ile ya kwanza. Tuseme mabaki yalikuwa mililita 350 na sasa ni 150, na usiku unaamka mara mbili badala ya tano, dawa iendelee. Yakiwa bado 340, na unachokipata ni jasho na kuhara, bethanekoli iachwe, hata kama moyo unasema labda mwezi ujao. Nimewaona watu wanaoimeza kwa miaka kwa sababu hakuna aliyewaambia waache.

Pamoja na dawa, kaa na saa. Nenda chooni kila baada ya saa tatu au nne hata kama huhisi hamu. Ukimaliza, usiinuke, subiri dakika mbili au tatu, inama kidogo mbele, kisha jaribu tena. Mara nyingi hutoka kiasi kingine cha kustahiki kuandikwa. Kulikamua tumbo kwa mikono ni tabia ya kuacha mpaka daktari akuhakikishie kwamba njia iko wazi.

Pale mabaki yanapobaki makubwa, figo zinapoanza kutanuka, au maambukizi yanapojirudia, tiba iliyo na uhakika ni mpira wa kuingiza na kutoa. Daktari Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walionesha mwaka 1972 kwamba mgonjwa anaweza kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira ulio safi, bila masharti yote ya chumba cha upasuaji, kwa sababu kinachokidhuru kibofu zaidi ni kujaa na kutanuka. Hufanyika mara nne hadi sita kwa siku, ili kila mara usitoke zaidi ya mililita 400 au 500. Muuguzi hukufundisha kwa kukushikisha mpira mkononi, na wengi huweza baada ya mara tatu au nne. Watu huuogopa kwa aibu, lakini mzee niliyemtaja aliniambia kwamba aibu kubwa ilikuwa ni kulowa msikitini. Anayetumia mpira asimezeshwe antibiotiki kwa sababu tu mkojo wake umeonekana na vijidudu. Hupewa akiwa na homa, maumivu au dalili nyingine, isipokuwa mjamzito, ambaye hutibiwa hata bila dalili.

Ramadhani

Tamsulosini haina taabu: humezwa baada ya futari. Bethanekoli ni ngumu zaidi, kwa kuwa inataka tumbo tupu mara tatu au nne kwa siku. Zungumza na daktari wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, na kama jaribio lake halijaanza ni afadhali lisubiri Shawwal. Maji yagawanywe kati ya futari na daku, yasinywewe yote kwa mkupuo mmoja usiku. Kuhusu mpira na saumu, na kuhusu swala kwa mtu ambaye mkojo wake hauzuiliki, sheria ina nafasi kwa mgonjwa na masheikh wanayo majibu yake; muulize wa msikiti wako kwa maneno ya wazi, kwani swali lenye kufichwa hupata jibu la mwingine.

Mambo yasiyosubiri

Mkojo ukifunga kabisa na tumbo la chini likauma, usisubiri asubuhi. Vivyo hivyo homa yenye kutetemeka na maumivu ya ubavu. Na miguu ikilegea ghafla, au sehemu za siri na makalio yakifa ganzi pamoja na mkojo kugoma, huenda uti wa mgongo umebanwa, na kila saa inahesabika. Nenda hospitali ya Mnazi Mmoja ukiwa Unguja, au Chake Chake, Wete au Abdulla Mzee ukiwa Pemba, na uchukue ule mfuko wa dawa.

Kwa anayelazimika kuvuka kwa boti kufuata rufaa: kojoa kabla ya kupanda, hata kidogo. Kula kitu chepesi, kaa katikati ya chombo upande wa chini, tazama mbali palipokutana maji na mbingu, na utafune kipande cha tangawizi. Abiria wa jirani akikunjua karatasi yake ya vidonge, mshukuru na umwambie kwamba kibofu chako hakivitaki.